Umbali Mmoja, Nyakati Nyingi: Somo la Safari ya Eropleni Kaskazini ya Kanada

Mtu akiulizwa, "Kutoka hapa mpaka pale ni mbali kiasi gani?" aweza kujibu kwa njia mbili. Mmoja atasema, "Ni maili ishirini." Mwingine atasema, "Ukiondoka alfajiri, utafika adhuhuri." Wote wawili wamesema kweli, lakini hawakusema neno moja. Wa kwanza ametaja umbali, na umbali haubadiliki. Wa pili ametaja muda, na muda hubadilika kila siku, kwa kuwa mvua hunyesha, mto hujaa, na msafiri mwenyewe huenda amebeba mzigo.

Katika somo hili twataka kuonyesha jinsi umbali unavyohesabiwa, na kwa nini haiwezekani kutaja muda wa safari kabla ya kujua mambo mengine mengi. Kwa mfano wetu tumechagua viwanja viwili vya eropleni vilivyo mbali sana upande wa kaskazini ya dunia, katika nchi ya Kanada: kiwanja cha Resolute na kiwanja cha Grise Fiord. Tumevichagua kwa sababu huko hesabu hizi si za darasani tu. Huko mgonjwa hupona au hafiki hospitali kwa ajili ya hesabu hizo hizo. Basi msomaji na achukue kalamu na karatasi, tuhesabu pamoja.

MAHALI PENYEWE

Kaskazini ya bara la Kanada kuna visiwa vingi vikubwa vilivyotapakaa katika Bahari ya Aktiki. Visiwa tunavyovitaja katika somo hili vimo katika jimbo liitwalo Nunavut, lililoanzishwa tarehe 1 Aprili, 1999. Wenyeji wake wengi ni Wainuit, ambao zamani wageni waliwaita Waeskimo.

Kijiji cha Resolute kipo katika kisiwa cha Cornwallis. Kilipewa jina la meli ya Kiingereza iliyokwenda huko katika karne ya 19 kuwatafuta mabaharia waliopotea. Wainuit hukiita Qausuittuq, yaani mahali pasipo mapambazuko, na jina hilo si mzaha: tangu mwanzo wa Novemba mpaka mwanzo wa Februari jua halichomozi kabisa. Mwaka 1947 palijengwa huko kituo cha kupimia hali ya hewa, na mwaka 1949 pakatengenezwa kiwanja cha eropleni. Njia ya kutulia ni ya changarawe, na urefu wake ni kama futi 6,500. Hesabu ya watu ya mwaka 2021 ilipata watu 183.

Grise Fiord kipo katika kisiwa cha Ellesmere, nacho ndicho kijiji cha raia kilicho kaskazini kuliko vyote katika Kanada. Jina hilo lililetwa na wasafiri wa Norwe waliofika huko karibu na mwaka 1900, nalo lina maana ya ghuba ya nguruwe, kwa kuwa walisikia milio ya wanyama wa baharini waliofanana na nguruwe kwa sauti. Wainuit hukiita Ausuittuq, mahali pasipoyeyuka barafu. Mwaka 2021 walihesabiwa watu 144. Kiwanja chao cha eropleni kimebanwa kati ya milima na bahari. Njia yake ya changarawe haizidi futi 2,000, kwa hiyo eropleni kubwa haziwezi kutua hapo. Hutumika eropleni ndogo yenye injini mbili iitwayo Twin Otter, iliyotengenezwa Kanada na kurushwa mara ya kwanza mwaka 1965. Hiyo huchukua abiria wasiozidi 19, nayo yaweza kuruka na kutua mahali pafupi sana.

Hakuna barabara kati ya vijiji hivi viwili. Meli hufika wakati wa kiangazi tu, bahari inapofunguka kwa muda mfupi. Siku nyingine zote za mwaka, mtu atakaye kutoka Grise Fiord na kufika upesi hana njia ila ya angani.

RAMANI YA UKUTANI HUTUDANGANYA

Ukiitazama ramani kubwa ya dunia iliyotundikwa ukutani shuleni, utaona mistari isimamayo kutoka juu mpaka chini, iitwayo mistari ya longitudo, na mistari ilalayo, iitwayo mistari ya latitudo. Katika ramani nyingi mistari isimamayo imechorwa sambamba, kana kwamba haikutani kamwe. Lakini dunia ni mviringo kama chungwa. Menya chungwa, utazame jinsi vipande vyake vilivyo: katikati ni vipana, na kuelekea kwenye kikonyo huwa vyembamba mpaka vinakutana vyote. Ndivyo ilivyo nafasi kati ya mistari ya longitudo. Katika Ikweta ni pana, na kwenye ncha ya kaskazini ni sifuri.

Mtu aliyechora ramani ya ukutani amelazimika kulivuta ganda la chungwa hilo ili lilale sawasawa ubaoni. Kwa sababu hiyo nchi za kaskazini huonekana kubwa kupita kadiri. Karibu na Grise Fiord, ramani ya namna hiyo huuonyesha umbali kuwa mara nne ya ulivyo ukilinganishwa na umbali wa Ikweta katika ramani ile ile. Basi usipime kwa rula ukutani ukadhani umepata ukweli.

HESABU YA UMBALI

Sasa na tuhesabu. Marubani na mabaharia hutumia maili ya bahari, ambayo ni mita 1,852. Walichagua kipimo hicho kwa hekima. Kila digrii moja imegawanywa kuwa dakika 60 (dakika hizi si za saa, bali ni sehemu za digrii), na ukienda moja kwa moja kaskazini au kusini, kila dakika moja ya latitudo ni maili moja ya bahari. Kwa hiyo digrii moja ni maili 60.

Kiwanja cha Resolute kipo latitudo digrii 74 na dakika 43 kaskazini, na longitudo digrii 94 na dakika 58 magharibi. Kiwanja cha Grise Fiord kipo latitudo digrii 76 na dakika 26 kaskazini, na longitudo digrii 82 na dakika 55 magharibi.

Hatua ya kwanza. Tafuta tofauti ya latitudo. Toa 74 na dakika 43 katika 76 na dakika 26. Jibu ni digrii 1 na dakika 43, yaani dakika 103. Basi Grise Fiord ipo maili 103 za bahari kaskazini zaidi kuliko Resolute.

Hatua ya pili. Tafuta tofauti ya longitudo. Toa 82 na dakika 55 katika 94 na dakika 58. Jibu ni digrii 12 na dakika 3. Tuseme digrii 12. Kama tungekuwa katika Ikweta, kama vile pale Nanyuki, kila digrii ingekuwa maili 60, na digrii 12 zingekuwa maili 720. Hizo ni nyingi kuliko upana wa Kenya nzima, ambao ni karibu digrii 8. Lakini tumekwisha kuona kwamba vipande vya chungwa huwa vyembamba. Katika latitudo ya digrii 60, upana hubaki nusu. Katika latitudo ya digrii 75 na nusu, ambayo ni katikati ya viwanja vyetu viwili, upana hubaki robo tu. Robo ya 60 ni 15. Basi zidisha 12 kwa 15, nawe utapata maili 180 za bahari kuelekea mashariki.

Hatua ya tatu. Sasa tuna pembetatu yenye pembe mraba: upande mmoja ni maili 103, wa pili ni maili 180, na upande mrefu ndio njia ya eropleni. Hapa hutumika kanuni ya Pythagoras iliyofundishwa shuleni. Zidisha 103 kwa 103, upate 10,609. Zidisha 180 kwa 180, upate 32,400. Jumlisha, upate 43,009. Sasa tafuta namba ambayo ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe hukaribia 43,009. Namba hiyo ni 207.

Basi umbali ni maili 207 za bahari, ambazo ni karibu kilomita 384. Ni mfupi kuliko mwendo wa Nairobi mpaka Mombasa kwa eropleni. Kanuni hii rahisi hufaa kwa safari fupi kama hii. Kwa safari ndefu yapasa kutumia kanuni za mviringo, maana dunia si bapa kama karatasi.

NJIA ILIYONYOKA HUBADILI UELEKEO

Hapa kuna jambo la kustaajabisha. Rubani atokaye Resolute kwa njia iliyonyoka huelekeza pua ya eropleni yake digrii 55 kutoka kaskazini ya kweli, kuelekea mashariki. Hupita juu ya mlango-bahari wa Wellington, kisha juu ya kisiwa cha Devon, ambacho ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote duniani visivyokaliwa na watu. Karibu na njia yake huko Devon lipo shimo kubwa la Haughton, lenye upana wa zaidi ya kilomita 20, lililochimbwa na kimondo kilichoanguka kutoka angani zamani sana. Kisha huvuka mlango-bahari wa Jones, na mbele yake huona milima ya Ellesmere. Wakati huo, ijapokuwa hakukata kona hata moja, uelekeo wake umekuwa kama digrii 66 kutoka kaskazini. Mstari wake haukupinda. Kilichobadilika ni mahali pa kupimia, maana mistari ya longitudo anayoivuka inaegemeana na kukusanyika kwenye ncha ya dunia.

Wala hawezi kuitegemea dira ya sumaku. Sindano ya dira haielekei kwenye ncha ya kweli ya kaskazini, bali kwenye ncha ya sumaku, nayo ni mahali pengine. James Clark Ross, baharia wa Kiingereza, aliifikia ncha hiyo mwaka 1831 katika rasi ya Boothia, kusini ya Resolute. Tangu hapo imehama, ikapita katikati ya visiwa hivyo, nayo sasa imo katika Bahari ya Aktiki ikielekea upande wa Siberia. Mahali palipo karibu nayo nguvu ya sumaku huvuta chini kuliko kando, na sindano hutangatanga. Kwa hiyo katika sehemu hizo za Kanada marubani hutumia kaskazini ya kweli, na hata namba za njia za kutulia hufuata kaskazini hiyo. Zamani walipima jua na nyota. Siku hizi husaidiwa na vyombo vinavyopokea ishara za setilaiti.

Kosa dogo la uelekeo lina hasara gani? Marubani wana kanuni nyepesi: kosa la digrii moja hukutoa nje ya njia maili moja kwa kila maili 60. Katika safari yetu ya maili 207, kosa la digrii 10 litamtoa rubani njiani karibu maili 35. Atafika mahali penye mlima badala ya mahali penye kiwanja.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni maneno ya vitabuni. Tarehe 20 Agosti, 2011, eropleni kubwa iliyotoka Yellowknife ilikuwa ikishuka kutua Resolute katika mawingu. Iligonga kilima kilicho kama maili moja ya bahari mashariki ya kiwanja. Katika watu 15 waliokuwamo, 12 walikufa. Wachunguzi wa serikali ya Kanada walipata sababu kadhaa zilizoungana, na mojawapo ilikuwa kwamba chombo cha kuonyesha uelekeo kilikuwa na kosa, nalo lilifika digrii 17 wakati wa kushuka. Kadhalika walionyesha kwamba marubani wawili hawakuelewana upesi juu ya hatari iliyokuwapo. Basi hesabu ya digrii ni hesabu ya roho za watu.

MUDA: UPEPO HAURUDISHI KILE ULICHOCHUKUA

Sasa tuache umbali, tuangalie muda. Kanuni yake ni nyepesi: gawanya umbali kwa mwendo. Tuseme Twin Otter yetu huenda maili 150 za bahari kwa saa. Gawanya 207 kwa 150. Utapata saa 1 na dakika 23. Hiyo ni siku isiyo na upepo.

Lakini eropleni huelea ndani ya hewa kama mtumbwi uelavyo katika mto. Mto ukienda, mtumbwi huchukuliwa pamoja nao. Tuseme unavuma upepo wa maili 30 kwa saa kutoka Grise Fiord kuelekea Resolute. Anayekwenda Grise Fiord ana upepo wa mbele, ambao mabaharia wa pwani huuita upepo wa omo. Mwendo wake juu ya nchi ni 150 kutoa 30, yaani maili 120 kwa saa, naye atatumia saa 1 na dakika 43 na nusu. Akirudi atasukumwa na upepo ule ule. Mwendo wake utakuwa maili 180 kwa saa, naye atatumia saa 1 na dakika 9.

Watu wengi hudhani kwamba upepo hulipa deni lake: ulichochelewesha wakati wa kwenda hukirudisha wakati wa kurudi. Hebu tujumlishe. Siku isiyo na upepo, kwenda na kurudi ni saa 2 na dakika 46. Siku ya upepo, kwenda na kurudi ni saa 2 na dakika 52 na nusu. Deni halikulipwa! Sababu ni hii: upepo wa mbele ulimpinga muda mrefu, na upepo wa nyuma ulimsaidia muda mfupi. Upepo ukiwa mkali zaidi, hasara huzidi.

Juu ya hesabu hizo yafaa kuongeza dakika chache za kupasha injini moto, kutembea chini kiwanjani, kupanda juu, na kuzunguka kabla ya kutua. Kwa hiyo katika siku ya kawaida msafiri na ahesabu saa moja na nusu.

SAA YA UKUTANI PIA HUSAFIRI

Liko jambo jingine linalowatatiza wageni. Resolute hufuata saa za katikati ya Kanada, na Grise Fiord hufuata saa za mashariki, ambazo ziko mbele kwa saa moja. Tuseme eropleni imeondoka Resolute saa nne asubuhi na kusafiri saa moja na nusu. Ikifika, saa ya rubani itasema saa tano na nusu, lakini saa ya kiwanjani Grise Fiord itasema saa sita na nusu. Ikiondoka huko saa saba na nusu, itafika Resolute saa nane kamili kwa saa za Resolute. Mtu atazamaye saa za ukutani tu atadhani kwamba walikwenda kwa saa mbili na nusu wakarudi kwa nusu saa!

Sisi wa Afrika Mashariki huhesabu saa zetu tangu jua kuchomoza, na katika nchi yetu desturi hiyo hufaa, kwa sababu jua letu ni aminifu mwaka mzima. Huko Qausuittuq ingekuwa taabu kubwa. Mtu angengoja saa ya kwanza ya mchana tangu Novemba mpaka Februari.

MAFUTA, MZIGO, NA UAMUZI WA KURUDI

Sasa twafika kwenye hesabu iliyo ngumu kuliko zote. Grise Fiord imezungukwa na milima, na upepo uporomokao kutoka milimani hurusha eropleni huku na huku. Rubani hupenda kuona kiwanja kwa macho yake kabla ya kushuka. Mawingu yakikifunika kiwanja, hakuna kingine karibu cha kukimbilia, naye hulazimika kurudi alikotoka.

Basi hawezi kujaza mafuta ya kwenda tu. Yampasa kuwa na mafuta ya kwenda, mafuta ya kurudi, na akiba juu yake. Tukitumia hesabu ya siku isiyo na upepo, ni saa 1 na dakika 23 mara mbili, na akiba ya dakika 45. Jumla ni saa 3 na dakika 31. Yaani kwa safari ya muda usiofika saa moja na nusu, hubeba mafuta ya saa tatu na nusu. Na mafuta ni mzito. Eropleni ndogo ina kiasi chake cha mzigo isichoweza kukipita, hasa inapotaka kuruka kutoka njia fupi. Kila debe la mafuta linaloongezwa huchukua nafasi ya chakula, ya barua, au ya mtu. Ndiyo maana eropleni yenye viti 19 haiwezi kuahidi kwamba viti vyote 19 vitakaliwa.

Rubani akirudi bila kutua, watu wa kijiji huisikia injini yake ikizunguka juu ya mawingu kisha ikififia. Huenda wakangoja kesho, au kesho kutwa, au zaidi. Hayo ni machungu, lakini wahenga wetu walisema: Kawia ufike.

UMBALI HUU KATIKA MAISHA YA WATU

Grise Fiord ina zahanati na wauguzi, lakini haina hospitali kubwa. Mgonjwa aliyezidiwa hupelekwa kwa eropleni mpaka Resolute, na kutoka hapo mpaka mji wa Iqaluit, ulio karibu kilomita 1,575 zaidi, na pengine mpaka Ottawa kusini kabisa. Mwanamke mja mzito huondoka kijijini wiki kadhaa kabla ya siku zake, akawangoje wakunga mbali na mumewe na watoto wake. Haondoki mapema kwa sababu kilomita 384 ni nyingi. Huondoka mapema kwa sababu hakuna awezaye kumwambia siku gani kilomita hizo zitapitika.

Wapo pia watu ambao umbali huu uliwaumiza kwa namna nyingine. Mwaka 1953 serikali ya Kanada ilizichukua jamaa za Wainuit kutoka Inukjuak, kaskazini ya Quebec, ikazipeleka kwa meli karibu kilomita 2,000 kaskazini zaidi. Jamaa nyingine zilifuata mwaka 1955. Waliambiwa kwamba huko kuna wanyama wengi wa kuwinda, na kwamba asiyeridhika atarudishwa baada ya miaka miwili. Wakiwa tayari melini ndipo walipojua kwamba hawatakaa wote mahali pamoja: wengine watashushwa Resolute, na wengine Grise Fiord. Ndugu na ndugu wakatenganishwa. Walikuta giza la miezi wasilolijua, baridi kuliko ya kwao, na nchi yenye majani haba. Na ahadi ya kurudishwa haikutimizwa.

Fikiri sasa juu ya zile maili 207 tulizozihesabu kwa kalamu. Kwa eropleni ya leo ni saa moja na nusu. Kwa mtu aliyeshushwa Grise Fiord mwaka 1953, wakati kijiji hakina kiwanja, zilikuwa ni safari ya mbwa na sileji juu ya barafu ya bahari, na kwa mama mzee zilikuwa ni kutomwona tena dada yake. Umbali ulikuwa ule ule. Tume ya serikali ilitoa taarifa yake juu ya jambo hili mwaka 1994, na tarehe 18 Agosti, 2010, serikali ya Kanada iliomba radhi mbele ya watu.

Basi fundisho letu ni hili. Atakayekuuliza juu ya umbali, mjibu kwa kipimo. Atakayekuuliza juu ya muda, muulize kwanza: kwa chombo gani, kwa upepo gani, kwa saa ya nani, na kwa akiba ya mafuta kiasi gani? Na atakayepanga kuwahamisha watu, au kuwajengea hospitali, asipime kwa rula juu ya ramani. Na apime kwa siku ambazo mtu hungoja.

MASWALI YA KUJIPIMA

Jibu kwanza, kisha utazame majibu.

1. Eropleni iendayo maili 150 za bahari kwa saa inatoka Resolute kwenda Grise Fiord. Upepo wa mbele ni maili 50 kwa saa. Itatumia muda gani?

2. Eropleni imeondoka Grise Fiord saa tatu asubuhi kwa saa za huko, ikasafiri saa moja na nusu. Itafika Resolute saa ngapi kwa saa za Resolute?

3. Digrii 10 za longitudo ni maili ngapi za bahari katika Ikweta, na ni ngapi katika latitudo ya digrii 60?

4. Kwa nini rubani wa Grise Fiord hubeba mafuta ya saa nyingi kuliko muda wa safari yake?

MAJIBU

1. Mwendo wake juu ya nchi ni maili 100 kwa saa. Gawanya 207 kwa 100: ni saa 2 na dakika 4.

2. Saa tatu ya Grise Fiord ni saa mbili ya Resolute. Ongeza saa moja na nusu: itafika saa tatu na nusu asubuhi.

3. Katika Ikweta ni maili 600. Katika latitudo ya digrii 60 ni nusu yake, yaani maili 300.

4. Kwa sababu hana hakika ya kutua. Akikuta mawingu yamekifunika kiwanja, yampasa aweze kurudi salama mpaka Resolute, na bado abaki na akiba.